Tusinunue Jina: Tarakilishi ya Michezo kwa Mfuko Mwembamba

Wahenga walinena kuwa rahisi ghali. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, nikaiandikia insha mara kadhaa na kutuzwa alama nzuri, ila sikuielewa hadi mwaka wa 2023, nikiwa mwaka wa pili chuoni, siku niliposimama mbele ya kaunta moja jijini Nairobi nikiwa na shilingi 38,000 mfukoni. Fedha hizo nilikuwa nimezichuma kwa kuwachapia wenzangu kazi za muhula na tasnifu, ukurasa kwa ukurasa, kwa mihula miwili. Nilitaka tarakilishi ya kuchapia mchana na kuchezea usiku. Muuzaji alinionyesha kasha jeusi lenye kioo ubavuni na feni tatu zilizometameta nyekundu na buluu. "Hii ni mashine ya gemu, mkubwa," aliniambia. "Ni i7, na kadi yake ni ya gigabaiti nne." Nikalipa. Siku ya ishirini na tatu, usiku wa manane, kisanduku cha umeme kilitoa mlio mmoja mkavu, chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua, na pamoja na kisanduku hicho ukaenda ubao mama na diski iliyokuwa na tasnifu za watu watatu ambao walikuwa wamekwisha kunilipa.

Sina nia ya kumshtaki muuzaji yule. Hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililonikera zaidi nilipofungua kasha baadaye. Kichakataji kilikuwa i7 kweli. Kadi ilikuwa na gigabaiti nne kweli. Aliniuzia majina ya kweli yaliyobandikwa kwenye vitu dhaifu, nami, mwanafunzi wa isimu niliyekuwa nikifundishwa kila wiki kwamba jina na kitu ni mambo mawili, nikayanunua. Ninalotetea katika makala haya ni kwamba mwenzetu mwenye fedha kidogo haponzwi na uchache wa fedha zake. Huponzwa na kununua jina moja kubwa, akaacha vipuri vinavyolizunguka vijipange vyenyewe. Fedha zile zile, zikigawanywa kwa ulinganifu, hununua mashine inayocheza na isiyolipuka.

Wapo watakaouliza mwanafunzi ana haja gani na michezo ya tarakilishi ilhali karo haijalipwa. Swali ni la haki, ila halinihusu hapa. Wengi wetu tunacheza, na ninachojali ni iwapo tutacheza bila ya kupunjwa. Isitoshe, mashine iwezayo kucheza huweza pia kuhariri video na kusafisha sauti zilizorekodiwa nyanjani, na kwa baadhi yetu ndiyo jembe la riziki.

Tuafikiane kwanza kuhusu istilahi. Kichakataji ni ubongo unaopiga hesabu za mchezo: mpira umeelekea wapi, adui amejificha wapi. Kadi ya michoro huchora kile ambacho ubongo umekwisha kuamua. Kumbukumbu huhifadhi kwa muda yale yanayotumika sasa, diski huhifadhi ya kudumu, na ubao mama huviunganisha vyote. Kisha kuna kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipuri vingine. Tumebishana miaka na miaka iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mimi binafsi sijahudhuria kikao hata kimoja kilichojishughulisha kukitafutia jina kisanduku kilichoniunguzia mali. Mafundi wa Luthuli hukiita pawa, nasi tutakiita kisanduku cha umeme hadi wataalamu watakapotuhurumia.

Sasa tuje kwenye majina. Mwanafunzi wa Kiswahili ana zana ambayo wateja wengi hawana: amezoea kulikata neno katika mofimu zake. Majina ya vipuri yana mofolojia yake, tena nyepesi kuliko ya kitenzi chetu. Chukua Core i7-2600. Sehemu ya "i7" ni daraja tu ndani ya ukoo, na haisemi lolote kuhusu umri. Umri umo katika tarakimu zinazofuata kistari: 2 katika 2600 ni kizazi cha pili, 4 katika i5-4570 ni kizazi cha nne, 12 katika i3-12100 ni kizazi cha kumi na mbili. Kichakataji changu kilikuwa hicho hicho cha 2600, kilichotoka mwaka wa 2011. Kina viini vinne na nyuzi nane za kazi. Kichakataji cha i3-12100, kilichotoka mwaka wa 2022, kina viini vinne na nyuzi nane vilevile, kikakiacha mbali mno kile cha i7 kwa sababu kila kiini chake hufanya kazi kubwa zaidi kwa muda ule ule. Anayekutajia i7 bila ya kizazi amekutajia kiambishi akaficha shina.

Viambishi tamati navyo vina maana. Herufi F mwishoni mwa jina la kichakataji cha Intel, kama katika i3-12100F, humaanisha kwamba hakina uwezo wa kuchora wenyewe. Bila ya kadi, skrini itabaki nyeusi. Kwa upande wa Ryzen hali ni kinyume: Ryzen 5 5600 haina michoro, ilhali Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka wa 2021, inayo, na kwa mtu asiyeweza kumudu kadi leo, herufi hiyo moja ya G humwezesha kuanza kucheza michezo myepesi na kungoja.

Hatari kubwa zaidi ni homonimia. Sisi tunajua kwamba kaa ni kitenzi, ni mnyama wa baharini, na ni kipande cha moto, muktadha hutuokoa. Dukani hakuna muktadha. Kadi iitwayo GeForce GT 1030 ilitoka mwaka wa 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, ambayo hupitisha takriban gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka wa 2018 ikatolewa nyingine, jina lile lile, yenye kumbukumbu ya kawaida ya DDR4, ambayo haifikishi hata gigabaiti 17 kwa sekunde. Boksi ni kama boksi. Kadi yangu ilikuwa GT 730, na zile gigabaiti nne zilizonipumbaza zilikuwa za DDR3, mfano wa ghala kubwa la mahindi ambalo mlango wake ni wa kupitisha debe moja moja. Wingi wa gigabaiti katika kadi huwa na faida pale tu ambapo kadi yenyewe ina kasi ya kuzitumia. Kadi ya GTX 1050 yenye gigabaiti mbili ingeishinda yangu bila ya kutoka jasho.

Basi mtu aanzie wapi? Wengi huanzia kwenye kadi. Mimi nasema aanzie kwenye skrini aliyo nayo na mchezo anaoupenda, kwani hivyo viwili ndivyo vinavyoamua deni la vipuri vingine. Skrini ya 1366 kwa 768 ina nukta zipatazo milioni moja. Ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni mbili na zaidi kidogo, yaani kadi hufanya karibu kazi maradufu kwa kila picha. Skrini nyingi zilizotumika maofisini huonyesha picha 60 kwa sekunde. Mwenye skrini ya namna hiyo akinunua kadi ya kuchora picha 140 kwa sekunde, nyingi ya picha alizozilipia hataziona. Kuhusu mchezo, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. GTA V, iliyotoka kwa tarakilishi mwaka wa 2015 na ambayo bado huchezwa mabwenini, ilipendekeza GTX 660, kadi ya mwaka wa 2012. Mchezo wa kandanda wa FC 24, uliotoka mwaka wa 2023 baada ya jina la FIFA kuachwa, ulitaja GTX 1050 Ti kuwa kima cha chini. Counter-Strike 2 na Valorant huelemea zaidi kichakataji. Mpenda kandanda anayenunua mashine ya rafikiye mpenda bunduki atakuwa amevaa kiatu cha mwenziwe. Na kama kandanda ndiyo haja pekee, wala hana kazi ya kuchapa, ninakiri kwamba PlayStation 4 iliyotumika humtosha, na anaweza kuacha kusoma hapa.

Hapo ndipo ulinganifu unapoingia. Shairi la mtu aliyejaza mizani ishirini katika mshororo mmoja na sita katika unaofuata huitwa guni, hata kama ule mshororo mrefu una maneno ya kupendeza. Nimeziona tarakilishi guni nyingi bwenini. Mmoja wetu aliweka kadi ghali kwenye mashine yenye i5-4570, kichakataji cha mwaka wa 2013 chenye viini vinne na nyuzi nne tu. Katika michezo ya karibuni picha zilikuwa nzuri ajabu, kisha zinaganda kufumba na kufumbua, kisha nzuri tena. Kadi ilikuwa ikingoja maagizo ambayo ubongo haukuwahi kuyamaliza. Aliilaumu kadi, akaiuza kwa hasara, akanunua kubwa zaidi. Kipimo changu, ambacho si sheria, ni kwamba katika kila shilingi mia za mashine ya michezo, thelathini na tano hadi arobaini ziende kwenye kadi, na isizidi hapo kama bado hujanunua kisanduku cha umeme cha kuaminika.

Kwa mfuko kama wangu, njia ninayoiona kuwa bora ni kununua tarakilishi ya ofisi iliyotumika ng'ambo na kuletwa nchini, kisha kuiongezea kadi ndogo. Hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk hukuuzia ubao, kichakataji, kumbukumbu, kasha na kisanduku cha umeme kilichotengenezwa kwa uangalifu, vyote kwa bei ambayo vipuri vipya haviwezi kuishindania. Lakini zina miiba. Chagua kasha la mnara, uliache lile jembamba, kwa sababu jembamba halipokei kadi ya urefu wa kawaida na kisanduku chake aghalabu huwa cha wati mia mbili na ushei. Aidha, mashine nyingi za aina hii zina plagi za ndani zisizofuata umbo la kawaida, kwa hivyo huwezi kwenda dukani kesho ukanunua kisanduku kikubwa zaidi ukakichomeka. Inakubidi uishi na kile ulichopewa. Habari njema ni kwamba tundu la kadi kwenye ubao hutoa hadi wati 75 bila ya waya wa ziada, na zipo kadi zinazotosheka na hizo: GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 na GTX 1650 ya mwaka wa 2019, ilmradi uchague toleo lisilo na tundu la waya. Radeon RX 6400 ya mwaka wa 2022 hutumia umeme mdogo zaidi, ila imejengwa na njia nne tu za mawasiliano badala ya kumi na sita, na kwenye ubao wa kizamani njia hizo huwa finyu, hivyo hupoteza sehemu ya nguvu zake. Muuzaji hatakuambia hilo, na huenda hata yeye halijui.

Mwiba mwingine ni wa programu. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka rasmi kichakataji cha kizazi cha nane au cha baadaye. Mashine za kizazi cha nne zinazorundikwa madirishani kwa bei ya kutupa zimebaki nje ya mlango huo. Kuna wanaohamia Linux, nami ninawapongeza, lakini Valorant haichezeki huko, kwa kuwa programu yake ya kuwanasa walaghai haikubali. Kwa sababu hiyo ningemshauri mtu aongeze kidogo apate mashine ya mwaka wa 2018, mathalani OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500, ambayo ina viini sita.

Anayechagua vipuri kimoja kimoja, badala ya mashine ya ofisi, sharti akisome kisanduku cha umeme kuliko anavyokisoma kipuri kingine chochote, na hapa nitakawia, maana ndipo nilipoungulia. Lebo yangu ilisema wati 600 kwa herufi kubwa. Chini yake palikuwa na jedwali dogo ambalo sikulitazama. Kadi na kichakataji hula umeme wa volti 12, kwa hivyo safu ya volti 12 ndiyo yenye ukweli. Zidisha 12 kwa idadi ya ampea zilizoandikwa hapo. Kisanduku kikitangaza wati 500 huku safu hiyo ikisema ampea 18, unachopata ni wati 216. Zilizobaki ni pambo. Kichakataji cha wati 65 na kadi ya Radeon RX 580, ambayo hula wati 185, pamoja na diski na feni, hukaribia 300. Kisanduku hicho kitaelemewa siku ya kwanza, kivumilie wiki mbili tatu, kisha kilipuke.

Tazama pia nyuma yake. Visanduku vya bei ya chini huwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Umeme wetu wa Kenya ni wa volti 240. Kisanduku kilichotoka nchi ya volti 115 na kuwashwa hapa bila ya swichi kugeuzwa hufa papo hapo, wakati mwingine kwa kishindo. Kisanduku kizuri hujirekebisha chenyewe na hakina swichi hiyo. Alama ya 80 PLUS, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, ni dalili njema, ingawa inapima upotevu wa umeme na haipimi usalama. Kipuri hiki kinunuliwe kipya, hata kama vingine vyote ni vya mitumba. Nimebishana sana na wenzangu juu ya hili. Wao husema afadhali kadi kubwa leo na kisanduku kizuri muhula ujao. Mimi huwauliza iwapo muhula ujao watakuwa na kadi.

Tofauti na wengi, siziogopi kadi zilizotumika kuchimbia sarafu za kidijitali. Ethereum iliacha uchimbaji wa namna hiyo tarehe 15 Septemba 2022, na kadi chungu nzima zikamwagika sokoni. Kadi iliyofanya kazi kwa joto lisilopandapanda na kushukashuka huweza kuwa nzima kabisa; kinachochakaa haraka ni feni zake na grisi ya kupitishia joto, ambavyo fundi huvibadilisha kwa fedha kidogo. Ninachodai ni kwamba muuzaji aiwashe mchezoni kwa nusu saa mbele yangu, na akikataa ninaondoka. Hata hivyo, homonimia haituachi: kuna RX 580 iliyotolewa mwaka wa 2018 kwa soko la Uchina yenye vitengo vya kuchorea 2,048 badala ya 2,304 vya ile halisi. Kwa kweli hiyo ni RX 570 iliyovaa kanzu ya kakaye. Si mbaya, mradi uilipie kwa bei ya mdogo mtu.

Kuhusu kumbukumbu, vipande viwili vya gigabaiti nane huzidi kipande kimoja cha kumi na sita, kwa kuwa ubao huvisoma vyote viwili kwa pamoja, na tofauti hiyo huonekana zaidi kwa mwenye 5600G asiye na kadi. Mwishoni mwa mwaka wa 2025 bei za kumbukumbu zilipanda kwa kasi duniani kote kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vilizigombania, jambo linalozidi kuitetea mashine ya ofisi inayokuja na kumbukumbu zake ndani. Diski isiyozunguka haikuongezei picha hata moja kwa sekunde, ila hukupunguzia kungoja. Taa za rangi sina la kusema juu yake.

Mashine niliyo nayo sasa ni EliteDesk ya kijivu, ya mnara, isiyo na kioo wala taa, yenye i5-8500 na GTX 1650 isiyo na waya. Ilinigharimu shilingi 43,000 pamoja na skrini kuukuu ya 1920 kwa 1080, yaani 5,000 tu zaidi ya zile zilizoungua. Tasnifu mbili nilizichapa upya bila malipo, usiku kwa usiku, kutoka kwenye miswada ya mkono. Mwenye ya tatu alikuwa ameutupa mswada wake baada ya kuniamini. Aliahirisha kuhitimu kwa muhula mmoja, na hadi leo tunasalimiana kwa ufupi. Kisanduku kilicholipuka ningali nacho, juu ya rafu ya vitabu. Safu yake ya volti 12 inasema ampea 16.